Kuhama Kutoka Sigara Kwenda Mvuke: Kwa Nini Kiu Hubaki, na Namna ya Kuishinda

Msimu wa korosho katika Tarafa ya Kilimarondo, Wilaya ya Nachingwea, ni msimu wa fedha. Na kwa mvutaji, msimu wa fedha ni msimu wa sigara. Kuanzia Oktoba, korosho zikishaokotwa na kutenganishwa na mabibo, mkulima huzipeleka katika ghala la chama chake cha ushirika cha msingi na kusubiri mnada. Kusubiri huzaa mazungumzo, na penye mazungumzo ya wanaume hakukosi mtu wa kutoa kiberiti.

Mfano ufuatao haumhusu mtu fulani. Umetungwa ili kuliweka tatizo wazi. Mkulima wa makamo, aliyevuta pakiti moja kwa siku kwa miaka ishirini, anashikwa na kikohozi kisichokwisha. Anakwenda kwa ndugu zake Dar es Salaam, na huko mpwa wake anampa sigara ya kielektroniki. Kwa wiki mbili hagusi sigara, na kifua kinaanza kuwa chepesi. Anarudi Kilimarondo na kifaa chake na chupa moja ya kimiminika. Wiki ya tatu, akiwa nje ya ghala, jirani yake anawasha sigara. Kiu inamjia kwa nguvu kuliko siku ya kwanza alipoacha. Anavuta mvuke wake, lakini haumkati kiu. Anaomba sigara moja. Usiku anajiambia kwamba yeye ameshindikana, na kesho yake ananunua nyingine dukani, moja moja, huku kifaa cha mvuke kikiwa bado mfukoni.

Mtu huyu hajashindikana. Kiu iliyomjia si udhaifu wa moyo, wala si ushahidi kwamba wiki zake mbili zimepotea bure. Kiu ya sigara baada ya kuhamia mvuke ina vyanzo vitatu vinavyojulikana, na kila chanzo kina njia yake ya kukabiliwa. Wengi hushindwa kwa sababu huzikabili kiu zote tatu kwa njia moja, yaani kuvuta mvuke zaidi. Makala haya yanaeleza vyanzo hivyo, na yanaonyesha anachoweza kufanya mgonjwa nyumbani na mhudumu wa afya katika zahanati.

Mvuke ni nini, na umepunguza nini

Sigara ya kielektroniki, ambayo vijana wa mjini huiita vepu, ilibuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Ndani yake mna betri, waya mwembamba unaopata moto, na kimiminika chenye nikotini, ladha na viyeyushi viwili: propilini glaikoli na gliserini. Mtumiaji anapovuta, waya hukipasha kimiminika joto hadi kikawa mvuke. Hakuna jani linaloungua, na hapo ndipo ilipo tofauti kubwa. Moshi wa sigara iliyowashwa una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Una pia lami inayoganda katika mapafu, na hewa ya kaboni monoksaidi inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mvutaji aliyeacha kabisa sigara na kubaki na mvuke peke yake huepuka sehemu kubwa ya sumu hizo. Kiwango cha kaboni monoksaidi katika damu yake hushuka na kuwa cha kawaida ndani ya siku moja au mbili.

Hata hivyo, kupungua kwa madhara si kukosekana kwa madhara. Mvuke hubeba nikotini yenye uraibu, chembe ndogo zinazoingia mapafuni, na wakati mwingine metali zinazotoka katika waya wa kifaa. Mwaka 2019 nchini Marekani ulizuka ugonjwa mkali wa mapafu miongoni mwa watumiaji wa mvuke. Hadi Februari 2020 watu zaidi ya 2,800 walikuwa wamelazwa hospitalini au kufariki. Ugonjwa huo ulihusishwa zaidi na vimiminika vya bangi vilivyochanganywa na mafuta ya vitamini E, vingi vikiwa vimenunuliwa mitaani. Funzo lake ni kwamba kimiminika kisichojulikana kilikotoka hakifai kuingia katika mapafu ya mtu.

Sheria nazo hazifanani katika Afrika Mashariki. Sheria ya Tanzania ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003, mwaka uleule kifaa hicho kilipobuniwa, kwa hiyo haikuandikwa kwa kukifikiria. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ilipiga marufuku sigara za kielektroniki moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa tiba wa mwaka 2024, liliorodhesha dawa za kusaidia kuacha tumbaku, na mvuke haumo. Ni kweli kwamba majaribio ya kitabibu yameonyesha kuwa sigara za kielektroniki zenye nikotini ziliwasaidia baadhi ya wavutaji kuacha sigara. Lakini watu hao walipewa maelekezo na kufuatiliwa, jambo ambalo mkulima aliyepewa kifaa na mpwa wake hakulipata.

Kwa hiyo msimamo wa mhudumu wa afya ni huu: asiyevuta asianze mvuke, anayevuta aelekezwe kwanza kwenye ushauri na dawa zilizothibitishwa, na yule ambaye tayari amehamia mvuke asifukuzwe wala asikaripiwe, bali asaidiwe asirudi kwenye sigara, kisha asaidiwe kuuacha na mvuke wenyewe.

Chanzo cha kwanza: nikotini haitoshi au inachelewa

Nikotini inayovutwa kwa moshi hufika katika ubongo kwa sekunde zisizozidi ishirini hivi. Hapo hujishikiza kwenye vipokezi maalumu na kuufanya ubongo utoe dopamini, kemikali inayoleta hisia ya kuridhika. Mtu anapovuta kwa miaka, vipokezi hivyo huongezeka idadi. Nikotini ikipungua, vipokezi vitupu hudai kujazwa, na mtu huhisi kile ambacho vijana hukiita arosto: hasira za haraka, kutotulia, kukosa umakini, usingizi wa mang'amung'amu na njaa. Nusu ya nikotini iliyomo katika damu huondoka kila baada ya takriban saa mbili. Ndiyo maana kiu ya asubuhi, baada ya usiku mzima bila kuvuta, huwa kali kuliko zote.

Mvuke huweza kupeleka nikotini ndogo zaidi kuliko sigara, au kuifikisha polepole, hasa kwa anayeanza. Huenda kifaa ni dhaifu, kimiminika kina nikotini kidogo, au mtumiaji anavuta kwa pumzi fupi na ya nguvu kama alivyozoea kwa sigara, ilhali mvuke unahitaji pumzi ndefu na ya taratibu. Dalili za chanzo hiki ni rahisi kuzitambua: kiu hurudi mchana kutwa, popote mtu alipo, awe shambani au kitandani, na huambatana na hasira na kutotulia.

Dawa yake ni kuhakikisha nikotini inatosha katika wiki za mwanzo, kwa kuwa huo si wakati wa kuibania. Mtumiaji avute mapema baada ya kuamka, kabla kiu haijawa kali, na avute taratibu. Asome kiwango cha nikotini kilichoandikwa kwenye chupa kwa miligramu kwa kila mililita, na kamwe asijichanganyie kimiminika mwenyewe. Dalili za kuzidisha ni kichefuchefu, kizunguzungu, jasho na moyo kwenda mbio. Akiziona, apumzike kuvuta. Penye uwezekano wa kupata viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi au jojo zenye nikotini, hizo ndizo njia zilizothibitishwa. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009.

Chanzo cha pili: vitu vilivyobaki katika moshi

Kuna mvutaji anayepata nikotini ya kutosha, hana hasira wala kutetemeka, na bado anasema, "Kuna kitu kinakosekana." Anachosema ni kweli. Moshi wa tumbaku una kemikali nyingine zinazozuia kimeng'enya kinachoivunjavunja dopamini. Vipimo vya picha za ubongo vilivyofanyika Marekani katika miaka ya 1990 vilionyesha kwamba kimeng'enya hicho kilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 katika ubongo wa wavutaji. Dopamini isipovunjwa haraka, ladha ya nikotini hukolea. Mvuke haubebi kemikali hizo kwa namna ya moshi, kwa hiyo nikotini ileile huweza kuhisiwa kuwa imepoa.

Tena, sigara haikuwa nikotini tu. Ilikuwa mkwaruzo kooni, harufu ya kiberiti, uzito mwepesi kati ya vidole viwili, na kitendo cha kupeleka mkono mdomoni kilichorudiwa zaidi ya mara mia moja kila siku. Majaribio yaliyotumia sigara zilizoondolewa nikotini yameonyesha kwamba hata hizo hutuliza kiu kwa muda mfupi, yaani mwili umejifunza kuupenda mwenendo wenyewe. Wahenga walisema mazoea yana taabu.

Kiu ya namna hii haikatwi kwa kuongeza nikotini. Inahitaji muda, na mkono na mdomo vipewe kazi nyingine. Mazingira ya Kilimarondo yana vya kutosha: mswaki wa mti, kipande cha tangawizi, karanga chache, korosho, ukwaju, au muhogo mkavu wa kutafuna polepole. Aliyezoea kuwa na kitu vidoleni anaweza kushika tasbihi, ufito wa kuchonga au mbegu za kubangua. Habari njema ni kwamba ubongo hurekebika. Dalili za kimwili hufikia kilele katika siku tatu za mwanzo tangu nikotini ipungue na kwa kawaida hupoa ndani ya wiki mbili hadi nne. Vipokezi navyo hurudi katika idadi ya kawaida ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili, lakini tu kwa anayeachana na nikotini kabisa. Anayeendelea na mvuke huondokewa na kiu ya moshi, ila uraibu wa nikotini humsubiri hadi siku atakapouacha.

Chanzo cha tatu: mahali, wakati na watu

Hiki ndicho chanzo kilichomkamata mkulima wa mfano wetu nje ya ghala. Ubongo huyafunga pamoja mambo yanayotokea pamoja. Aliyevuta kila baada ya chai, kila baada ya kupulizia dawa mikorosho, kila alipokunywa uraka na kila alipokutana na rafiki fulani, ameufundisha ubongo wake kwamba chai, kazi, pombe na rafiki ni kengele za kuita sigara. Kengele hizo huweza kulia miezi mingi baada ya mwili kusahau, na huja ghafla. Huko Dar es Salaam hakuzisikia kwa sababu ghala, rafiki na jamvi la mazungumzo havikuwepo. Aliporudi nyumbani alizikuta zote zikimsubiri. Kwa hiyo kiu yake ya wiki ya tatu haikuwa ishara ya kurudi nyuma; alikuwa anakutana kwa mara ya kwanza na mtihani ambao mjini hakuufanya.

Tiba ya chanzo hiki ni kupanga mapema. Mgonjwa, peke yake au pamoja na mhudumu, ataje nyakati tano ambazo sigara ilikuwa haikosi, na kwa kila wakati apange atafanya nini badala yake. Baada ya chai aondoke mara moja mezani. Akienda mnadani aandamane na mtu asiyevuta, na asimame mbali na wavutaji. Awaambie rafiki zake wazi, "Nimeacha kwa ajili ya kifua changu, msinipe hata nikiomba." Katika wiki za mwanzo ajiepushe na uraka na pombe nyingine, kwa kuwa pombe huua azma kabla ya kuamsha kiu. Siku ya malipo ya korosho, ambapo mfuko umejaa na furaha imezidi, iwekewe mpango wake maalumu. Na fedha ya sigara ya mwezi itengwe siku hiyohiyo kwa jambo linaloonekana, kama sare ya mtoto au bati.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika Mkoa wa Lindi, mwezi wa Ramadhani ni hoja yenye nguvu. Mvutaji anayefunga hukaa zaidi ya saa kumi na mbili kila siku bila sigara, tena akifanya kazi. Amekwisha kujithibitishia kwamba kiu huja na kupita bila kumdhuru. Hatari yake ni dakika za baada ya kufuturu. Hizo ndizo za kuwekewa ulinzi: atoke kwenda kuswali, apige mswaki, akae na watoto.

Dakika tano za kiu

Kiu moja, hata ikiwa kali, kwa kawaida hupanda, hufika kileleni na kushuka ndani ya dakika chache. Mgonjwa anayeamini kwamba itaendelea kupanda mpaka avute hukosa sababu ya kungoja. Anayejua kwamba itashuka hata asipovuta ana jambo la kufanya. Hatua nne zifuatazo zinatosha, na hazihitaji fedha:

Kwanza, asubiri dakika tano kabla ya kuamua lolote. Mwenye saa au simu aitazame. Pili, avute pumzi ndefu kwa pua, aizuie kidogo, aitoe polepole kwa mdomo, mara kumi. Tatu, anywe maji taratibu, kwa mafunda madogo. Nne, abadilishe mahali au kazi: ainuke, atembee, achote maji, ampigie simu mtu anayemuunga mkono. Kiu ikiwa ya chanzo cha kwanza, avute mvuke wake au atumie jojo ya nikotini. Ikiwa ya vyanzo viwili vya mwisho, hatua hizo nne zitafanya kazi kuliko mvuke.

"Moja tu"

Kosa kubwa la aliyehamia mvuke ni kuchanganya: mvuke nyumbani, sigara mnadani. Wengi hujifariji kwamba wamepunguza kutoka ishirini hadi mbili. Lakini moyo hauhesabu namna hiyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku hubaki na karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo anayevuta ishirini. Kupunguza ni hatua ya njiani. Faida kamili hupatikana pale sigara ya mwisho inapozimwa. Kwa aliyeacha kabisa, hatari hiyo ya ziada hupungua kwa takriban nusu baada ya mwaka mmoja.

Hata hivyo, aliyeteleza na kuvuta moja asihukumiwe. Kuteleza si kuanguka. Swali la kumuuliza ni, "Ilikuwa wapi, saa ngapi, ukiwa na nani?" Jibu lake linaonyesha kengele ipi haikuwa imepangiwa jambo. Mpango urekebishwe siku hiyohiyo, sigara zilizobaki zitupwe, na hesabu ya siku iendelee.

Kwa mhudumu wa afya

Utafiti wa kitaifa kuhusu matumizi ya tumbaku uliofanyika Tanzania mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 8.7 ya watu wazima walitumia tumbaku: wanaume asilimia 14.6 na wanawake asilimia 3.2. Watumiaji hawa hawaji zahanati wakisema wanataka kuacha. Huja na kikohozi, shinikizo la damu, kidonda cha tumbo au mtoto mwenye pumu. Ushauri wa dakika tatu kwa kila mmoja wao una thamani hata pale ambapo hakuna dawa rafuni. Una hatua tano: kuuliza kama anatumia tumbaku ya aina yoyote, kumshauri aache, kwa lugha iliyo wazi na inayohusiana na ugonjwa wake, kupima utayari wake, kumsaidia kupanga, na kumwekea siku ya kuonana tena, ikiwezekana ndani ya wiki moja.

Swali moja hufichua ukubwa wa uraibu: "Baba, ukishaamka asubuhi, hupita muda gani kabla ya kuvuta?" Anayevuta ndani ya nusu saa ana uraibu mkubwa, na huyo ndiye anayehitaji zaidi dawa au rufaa kwa daktari wa hospitali ya wilaya. Bupropioni na vareniklini ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Bupropioni haifai kwa mwenye kifafa. Ulizia pia ugoro. Kuna anayeacha sigara na kuhamia ugoro kwa kudhani ni nafuu; uraibu hubaki, na kinywa huwekwa katika hatari ya saratani.

Mgonjwa wa kifua kikuu apewe kipaumbele. Uvutaji huongeza hatari ya kupata ugonjwa huo takriban mara mbili, na miezi sita ya dawa humkutanisha mgonjwa na mhudumu mara nyingi. Kila anapofuata dawa, aulizwe kuhusu sigara.

Mambo matatu mara nyingi husahaulika. La kwanza ni dawa nyingine anazotumia mgonjwa. Lami ya moshi, wala si nikotini, hulichochea ini kuziondoa haraka baadhi ya dawa. Anapoacha moshi, hata kama amehamia mvuke, kiwango cha theofilini, aminofilini, klozapini au olanzapini katika damu yake huweza kupanda na kuleta sumu ndani ya siku chache. Mgonjwa wa pumu au wa afya ya akili anayeacha sigara apimwe dozi yake upya. Anayetumia warfarini au insulini naye afuatiliwe kwa karibu. La pili ni kahawa na chai: kwa sababu hiyohiyo, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Aliyeacha sigara akiendelea na vikombe vilevile hupata mtetemo, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi, akadhani ni kiu ya sigara. Apunguze vikombe kwa nusu. La tatu ni kikohozi: katika wiki za mwanzo huweza kuongezeka, kwa kuwa vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa vimeanza kazi upya. Asipoambiwa mapema, mgonjwa atasema sigara ndiyo iliyokuwa ikimtibu. Lakini kikohozi kinachozidi wiki mbili, chenye damu, homa za jioni au kupungua uzito, kipimwe kifua kikuu bila kusita.

Mjamzito ashauriwe kuacha vyote viwili, sigara na mvuke, kwa kuwa nikotini huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Msaada wa kwanza kwake ni ushauri wa karibu.

Kuuacha mvuke wenyewe

Kijijini mvuke una udhaifu ambao mjini hauonekani: chupa ikiisha hakuna duka la jirani, na chaji ikikata hutegemea sola. Siku hiyo sigara ya dukani ndiyo iliyo karibu. Kwa hiyo anayetumia mvuke Kilimarondo apange mwisho wake tangu mwanzo. Akishakaa takriban miezi mitatu bila sigara hata moja, na kengele za mazoea zikiwa zimepoa, aanze kushusha kiwango cha nikotini hatua kwa hatua, kisha apunguze nyakati za kuvuta, akianza na zile rahisi kuachwa na kumalizia na ile ya asubuhi. Kiu ya sigara ikirudi, abaki katika kiwango hicho kwa wiki mbili kabla ya kushuka tena. Kushuka taratibu ni salama kuliko kuanguka kwa ghafla kunakomrudisha mtu kwenye moshi.

Chupa ya kimiminika itunzwe kama sumu, mbali na watoto na mbali na chupa za dawa au juisi, kwa kuwa kiasi kidogo kinaweza kumuua mtoto. Ikimwagikia ngozi, paoshwe kwa maji mengi. Mtoto aliyekunywa, anayetapika, kutoka mate na jasho jingi au kupata degedege, asilazimishwe kutapika. Apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Mkulima wa mfano wetu, basi, akiingia zahanati na kikohozi chake, hahitaji kuambiwa kwamba amefeli. Anahitaji makohozi yake yapimwe, dozi ya mvuke wake iangaliwe, siku ya mnada ujao ipangiwe mtu wa kuandamana naye, na tarehe ya kurudi iandikwe katika daftari lake. Wiki mbili alizokaa bila moshi zimemfunza kwamba anaweza. Kilichobaki ni kujifunza kuyafanya hayo nyumbani kwake, mbele ya ghala lilelile na miongoni mwa watu walewale.